Mia Tano kwa Muvi: Kwa Nini Kopi ya Kariakoo Ni Rahisi Kuliko Ununuzi Halali

Utangulizi

Katika semina moja muhula uliopita, mhadhiri wetu alituuliza maswali mawili. La kwanza: nani kati yenu ameangalia tamthilia ya televisheni kutoka nje mwezi huu? Mikono karibu yote ikapanda. La pili: nani ameilipia kwa njia halali? Mikono ikashuka, ukabaki mmoja, na hata mwenye mkono huo akakiri baadaye kuwa king'amuzi ni cha shemeji yake. Tulicheka, semina ikaendelea. Lakini mimi swali lile liligoma kunitoka. Sisi ndio tunaofundishwa kila siku kuheshimu jasho la mwandishi. Inakuwaje basi darasa zima la fasihi linaishi kwa kopi?

Makala hii inakusudia kueleza jambo hilo. Kuna majibu mawili ambayo watu huyatoa harakaharaka. Wako wanaosema ni umaskini: Mtanzania hana fedha, basi anaiba. Wengine husema ni tabia mbaya: Mtanzania hathamini sanaa. Majibu haya yana chembe ya ukweli, lakini hayatoshi. Mtu huyohuyo anayeitwa maskini hununua vocha ya simu kila siku, na huyohuyo asiyethamini sanaa hukesha akifuatilia mhusika mmoja mpaka alfajiri.

Hoja yangu ni kwamba muuza kopi hufanya kazi ambayo muuzaji halali kwa muda mrefu aliiacha. Anaitafuta tamthilia, anaipanga, anaitia lugha inayoeleweka, anaikatia bei inayolingana na fedha iliyomo mfukoni, kisha anaitoa yote kwa mkupuo. Urahisi tunaousifu umetengenezwa na mtu kwa jasho lake. Tusipoitazama kazi hiyo hatutaelewa kwa nini misako ya miaka yote haijaimaliza biashara hii, wala hatutaelewa ni nini hasa kinachomwumiza msanii wetu wa hapa nyumbani.

Njia mbili za kuifikia hadithi moja

Hebu tuanze na njia ya mtaani. Jumamosi moja nilishuka kituo cha Gerezani nikaingia Kariakoo kwa miguu. Kwenye kona moja karibu na Mtaa wa Aggrey, katikati ya maduka ya simu, kuna kibanda chenye upana wa meza mbili. Ndani mna kompyuta moja, waya zilizosokotana, na orodha ya muvi iliyochapwa na kubandikwa kwenye kadibodi. Kijana aliyekuwemo alinipokea kabla sijafungua mdomo.

"Karibu dada. Unataka za kutafsiriwa au za Kizungu?"

Nikamwambia nataka sizoni ya Kikorea.

"Za wafalme au za wanafunzi?"

Nikamtajia moja niliyoisikia kwa wenzangu. Akatikisa kichwa. "Hiyo dada usichukue, mwishoni wameiharibu. Chukua hii hapa, utanishukuru. Na imeisha, hutakaa unasubiri."

Nikampa flashi. Akachomeka, akaburuta mafaili, akaendelea kuwahudumia wateja wengine wawili. Muvi moja ni shilingi mia tano. Sizoni nzima nililipa elfu mbili. Nilipoondoka akanipa neno la mwisho: "Ikigoma rudi nayo."

Ndugu msomaji, tuyatazame mazungumzo haya kama tunavyotazama matini. Yule kijana anazigawa kazi zake kwa lugha na kwa utanzu. Ametoa hukumu juu ya ubora wa msuko na juu ya mwisho wa hadithi. Tena amependekeza kazi mbadala na kunipa dhamana ya kurudisha. Mambo haya tumezoea kuyadai kwa mkutubi, kwa mhakiki na kwa mwenye duka. Jamaa anayafanya yote mwenyewe, kwa elfu mbili.

Njia ya pili ni ile halali. Netflix ilifunguliwa kwa nchi zaidi ya 130 kwa mara moja Januari 2016, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi hizo. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mlango haupo. Lakini hesabu ngazi za kuufikia. Kwanza uwe na barua pepe na kadi inayokubali malipo ya nje. Katika nchi ambayo fedha za watu wengi zimo kwenye simu tangu M-Pesa ilipoanza hapa mwaka 2008, kadi ya benki ilibaki kwa muda mrefu kuwa kitu cha mwajiriwa. Siku hizi zipo kadi za mtandaoni zinazounganishwa na akaunti ya fedha ya simu, na ugumu umepungua. Lakini mazoea ya kibanda yalikuwa yameshakomaa. Pili, unalipa kwa mwezi, hata kama unataka hadithi moja tu. Tatu, bado hujanunua bando, na sizoni yenye vipindi kumi na sita hula bando kama moto ulavyo nyasi kavu. Ukiirudia kesho, unalipa bando tena. Faili la flashi halidai kitu; utalitazama mara kumi, utampa na mwenzako wa chumba.

Ngazi ya nne haimo mikononi mwa mteja kabisa. Haki za kuonyesha kazi ya televisheni huuzwa nchi kwa nchi, au eneo kwa eneo. Kampuni iliyotengeneza tamthilia huweza kuiuzia kituo fulani haki za Ulaya, kampuni nyingine haki za Afrika, na pengine isipate mnunuzi wa eneo fulani, au isimtafute. Ndiyo maana akaunti moja inayolipiwa vilevile haina orodha ileile ya kazi Dar es Salaam na London. Mteja hukuta kazi iliyozungumzwa dunia nzima haimo kwenye orodha yake, na hakuna mtu wa kumuuliza kwa nini. Kibandani swali hilo halizuki. Yule kijana hajui mipaka ya haki, wala hana haja ya kuijua.

Wenyewe wenye biashara wamewahi kuliona jambo hili. Gabe Newell, mkuu wa Valve, kampuni ya michezo ya kompyuta ya Marekani, alieleza mwaka 2011 kwamba uharamia kwa kawaida ni tatizo la huduma zaidi kuliko bei. Aliyasema hayo akifikiria wateja wenye kadi na intaneti nzuri. Kama maneno hayo ni kweli kwao, kwa mtu wa Buguruni au Manzese ni kweli mara mbili.

Tulifikaje hapa?

Mtu anaweza kudhani mambo haya yameletwa na intaneti. La hasha. Hadhira ya Dar es Salaam iliizoea picha ya nje zamani sana, na ilikuwa ikilipa. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameonyesha kwa kirefu jinsi watu wa miji ya Tanzania walivyoyajaza majumba ya sinema kwa miongo mingi, hasa kwa picha za Kihindi. Katikati ya jiji palikuwa na Empire, Avalon, Empress, Odeon na mengineyo. Ilala kulikuwa na Amana. Na Msasani kulikuwa na Drive-In, mahali ulipojengwa baadaye ubalozi wa Marekani. Watu walipanga foleni na kununua tiketi. Huwezi kuniambia kwamba wajukuu wa watu hao wamezaliwa na damu ya kutolipa.

Kilichobadilika ni duka. Mwaka 1968 ilianzishwa Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyokuja kushika uingizaji na usambazaji wa filamu nchini. Uhaba wa fedha za kigeni ulipokaza, picha mpya zikapungua. Miaka ya 1980 mashine za video zikaingia, kanda zikaanza kukodishwa na kurudufiwa, na katika miaka ya 1980 na 1990 majumba mengi ya sinema yakafungwa au yakabadilishwa kazi. Televisheni nayo ilichelewa. Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri mpaka 1994, vituo vya watu binafsi kama ITV vilipoanza. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa, kwa mkazi wa kawaida wa Dar es Salaam, kanda iliyorudufiwa ndiyo ilikuwa soko lenyewe. Alikwenda kwenye kopi kwa kuwa mahali pengine pa kwenda palikuwa pachache mno.

Zikaja VCD, kisha DVD. Hapa pana kichekesho kimoja ambacho wengi wamekisahau. Kampuni za filamu ziliigawa dunia katika kanda za DVD ili diski ya sehemu moja isichezwe katika sehemu nyingine. Marekani ni kanda ya 1, Ulaya Magharibi ya 2, na sehemu kubwa ya Afrika, Tanzania ikiwemo, ni ya 5. Mtu aliyeletewa na ndugu yake DVD orijino kutoka Uingereza, akaichomeka kwenye deki iliyofuata sheria, angejibiwa kuwa diski hairuhusiwi. Diski feki ya Kariakoo, yenye muvi kumi na zaidi ndani yake, haikuwa na ubaguzi huo. Orijino ilikataa, feki ikakubali! Mteja huyu utamfundishaje kwamba orijino ni bora?

Vituo vya televisheni navyo vilitupa tamthilia za nje bure, lakini kwa saa zao. Ukikosa kipindi kwa sababu ya mgawo wa umeme, umekikosa. Wapenzi wa sizoni kama 24 na Prison Break waliona afadhali wanunue diski Kariakoo, wamalize hadithi kwa siku mbili. Sisi wanafunzi wa fasihi tunajua nguvu ya taharuki: msimulizi akikatisha pale mhusika anapoingia pangoni, msikilizaji hatalala. Muuza kopi aliuza tiba ya taharuki. Kituo cha televisheni kiliuza ugonjwa wenyewe, kwa dozi ya wiki.

Sauti juu ya sauti

Mpaka hapa nimezungumzia bei, muda na mipaka. Sasa nije kwenye jambo ambalo, nionavyo mimi, lilipaswa kuwavuta wahakiki zamani, nalo ni lugha.

Swali la kwanza la yule kijana lilikuwa "za kutafsiriwa au za Kizungu?" Muvi ya kutafsiriwa ni ile ambayo sauti ya mtu mmoja imewekwa juu ya sauti ya asili, akisimulia kwa Kiswahili. Hutafsiri mazungumzo, huwabatiza wahusika majina ya hapa nyumbani, hueleza tunayoyaona, hutabiri yajayo, hutania. Akichoka na mazungumzo marefu huyafupisha kwa sentensi moja. Jambazi akiingia, mtafsiri hutuonya. Mume akidanganya, mtafsiri humsuta kabla mke hajajua.

Aliyejulikana sana kwa kazi hii hapa Tanzania ni Derek Gaspar Mukandala, aliyetumia jina la Lufufu. Mtafiti wa Kijerumani Matthias Krings amemwandikia kwa heshima ya msanii kamili. Wengine walimfuata. Kenya wanaye DJ Afro, ambaye sauti yake inajulikana vibandani kote. Uganda wanao wale wanaoitwa VJ, kama VJ Jingo, wanaosimulia kwa Kiganda. Tena desturi yenyewe ni kongwe. Kati ya 1935 na 1937 wakoloni walifanya majaribio ya sinema za mafunzo wakiwa na makao Vugiri, katika milima ya Usambara. Filamu zilitembezwa kwa lori na maelezo yakatolewa kwa lugha za wenyeji. Na Ujapani, enzi za filamu zisizo na sauti, walikuwapo wasimulizi walioitwa benshi, ambao majina yao yaliweza kuvuta watazamaji kuliko majina ya waigizaji.

Kwa istilahi za darasani kwetu, mtafsiri wa muvi ni fanani. Anatumia matini ya mtu mwingine kama mtambaji anavyotumia ngano aliyoirithi: kiunzi anacho, utendaji ni wake. Tunapofundishwa kuwa fasihi simulizi haijafa bali imehamia katika vyombo vipya, mfano ulio karibu zaidi uko Kariakoo, unauzwa mia tano. Lakini mbele ya sheria fanani huyu ni mkosaji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 humpa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataa tafsiri ya kazi yake, na Tanzania imo katika Mkataba wa Berne tangu 1994. Kisheria jambo hili halina utata. Kifasihi lina utata mkubwa, kwa kuwa kitu cha asili kabisa kinachouzwa pale, kitu ambacho hakipatikani Hollywood wala Seoul, ni sauti ile.

Je, lugha ndiyo hasa inayowavuta watu, au ni bei tu? Tuna ushahidi. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Mao Doudou na mama wakwe zake. Haikuwa na mapanga wala risasi. Ilikuwa hadithi ya bibi harusi, wakwe na vyombo vya jikoni. Watu waliipenda kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China, alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013, aliitaja. Baadaye Azam TV, iliyoanza mwishoni mwa 2013, ikaleta tamthilia za Kituruki kwa Kiswahili, na mitaani watu wakawa wanazungumzia mambo ya kasri la Sultani kama mambo ya jirani. StarTimes waliuza vifurushi vya siku, vya wiki na vya mwezi, tena kwa malipo ya simu. Kwa maneno mengine, muuzaji halali alipokubali kusema Kiswahili na kukata bei vipande vidogo, watu walimfuata. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Naongeza kwamba hata kizuri sharti kiuzwe kwa lugha ya mnunuzi.

Pingamizi: mbona Bongo Muvi nayo iliibwa?

Hapa msomaji makini atanisimamisha. Ataniambia: dada, filamu zetu zilikuwa kwa Kiswahili, ziliuzwa hapohapo Kariakoo kwa bei ya chini, bila kadi wala bando. Mbona nazo zilirudufiwa? Hoja yako ya urahisi iko wapi?

Pingamizi hili ni zito, na sitalikwepa. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, umati mkubwa ulijaa viwanja vya Leaders kumuaga. Ni wangapi kati ya waliolia siku ile walikuwa wamewahi kununua kazi yake kwa njia iliyomfikishia shilingi? Serikali ilianzisha stempu za kodi kwa kazi za filamu na muziki mwaka 2013, ili orijino ijulikane na feki ikamatwe. Kopi hazikuisha. Aprili 2017 wasanii wa filamu waliingia mitaa ya Kariakoo kwa maandamano, wakipinga filamu za nje zilizouzwa kiholela bila kufuata taratibu wanazobanwa nazo wao. Wananchi wengi hawakuwaunga mkono. Waliwajibu kwamba watengeneze kazi nzuri kwanza.

Jibu lile lilikuwa la kikatili, lakini tulichambue. Filamu nyingi za nyumbani ziliuzwa kwa sehemu mbili, kila sehemu diski yake na bei yake. Mnunuzi alifika mwisho wa sehemu ya kwanza akakuta hadithi imekatwa. Pembeni yake diski ya kopi ilimpa muvi za nje lukuki kwa bei isiyozidi hiyo. Kwa hiyo hata hapa urahisi ulikuwa na kauli: wa nje alikuja mzima, wa kwetu alikuja nusu.

Hata hivyo lazima nikiri kwamba hoja yangu haimalizi yote. Muvi ya Hollywood haiuawi na kibanda cha Aggrey. Imeshalipwa kwingineko, na watengenezaji wake hata hawajui kama sisi tupo. Msanii wa Kinondoni soko lake lote liko hapa. Kopi ya kazi ya mgeni ni mkwaruzo kwa mgeni. Kopi ya kazi ya mwenzetu ni jeraha. Tena kuna hasara ya pili: kazi ya nje ikija bila gharama yoyote ya haki, kazi ya ndani iliyobeba gharama zote inashindana na kitu cha bure. Waandamanaji wa 2017 walikuwa na hoja, ingawa waliielekeza kwa machinga, mtu wa mwisho kabisa katika mnyororo.

Yapo tunayoweza kujifunza Nigeria. Brian Larkin, katika Signal and Noise, kitabu cha mwaka 2008, anaeleza kwamba mjini Kano mtandao uleule uliosambaza kopi haramu za filamu za Kihindi na Kimarekani, pamoja na mashine zake, wachuuzi wake na njia zake za malori, ndio uliogeuka kuwa njia ya kusambazia filamu halali za Kihausa. Kibanda kinaweza kuua, lakini kinaweza pia kubeba. Inategemea ni nani anayekipa mzigo, na kwa masharti gani.

Vivuli vyetu wenyewe

Kabla hatujamnyoshea kidole mtu wa Kariakoo, tutazame mabegi yetu. Muhula uliopita tulitakiwa kusoma Nagona ya Kezilahabi. Nilizunguka maduka matatu ya vitabu katikati ya jiji. Hakuna aliyekuwa nacho. Maktabani nakala zilikuwa zimeazimwa. Nikaenda stesheneri. Kabla sijamaliza kulitaja jina, dada wa pale akavuta droo, akatoa kivuli kilichokwisha banwa na kutiwa jalada la plastiki la bluu. "Chukua hiki, wenzako wote wamechukua." Dakika moja, nikaondoka na kitabu.

Ni kibanda kilekile, wapenzi wasomaji. Dada huyu alijua mtaala wetu kuliko wenye maduka. Alijua muhula unaanza lini, kitabu gani kitahitajika, na mwanafunzi ana kiasi gani mfukoni kabla mkopo haujaingia. Nilikuwa tayari kulipa zaidi kwa kitabu halisi, na fedha nilikuwa nayo. Hapakuwa na mtu wa kuipokea. Kezilahabi alifariki Januari 2020; nimesoma kazi yake yote kwenye kivuli, nikaiandikia insha, nikapata alama nzuri, na mimi sijachangia hata thumuni kwa kitabu kile kuendelea kuwepo. Nikifikiri kwamba mwaka ujao kivuli changu kitatolewa kivuli, na chapa zinazidi kufifia, naona tunakoelekea. Kitabu kisichonunuliwa hakichapwi, kisichochapwa hakinunuliwi, na siku moja kurasa zitakuwa za kijivu kiasi cha kutosomeka.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Urahisi wa kopi hutupatia kazi leo, na wakati huohuo humwondolea mtunzi wa karibu sababu ya kuandika kesho. Mtunzi wa mbali atavumilia. Wa karibu ataacha, atafungua duka la simu.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kopi imeshinda kwa sababu imefanya kazi nne: imevunja mipaka ya haki za nchi kwa nchi, imekata bei vipande vidogo, imetoa hadithi nzima kwa wakati anaoutaka mtazamaji, na imesema Kiswahili. Msako hauifanyi hata moja kati ya kazi hizo, ndiyo maana ukipita vibanda vinafunguliwa tena.

Pendekezo langu ni dogo. Wasambazaji wa filamu na wachapishaji wa vitabu wamtumie huyuhuyu kijana wa flashi na huyuhuyu dada wa stesheneri kama mawakala. Simu inaweza kupokea mia tano na kuigawa papo hapo kati ya kibanda na mwenye kazi. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, isimamie mgawanyo huo. Watafsiri wa muvi wapewe njia ya kuomba leseni, majina yao yaandikwe, nao walindwe wasinakiliwe. Sidai kwamba hii itamaliza kopi. Nadai tu kwamba itampa mtu kama mimi mahali pa kupeleka fedha yake.

Wahakiki nao wana wajibu. Tumeandika tasnifu nyingi juu ya dhamira na wahusika, na chache mno juu ya namna kazi inavyomfikia msomaji. Kazi isiyofika haina hadhira, na fanani asiye na hadhira tunajua mwisho wake. Kivuli cha bluu bado kiko mezani kwangu ninapoandika haya. Mjadala nauacha wazi. Walimu na wanafunzi wenzangu wanikosoe.